Kuipiga picha Tirpitz mafichoni: kwa nini filamu yako inarudi na milima mitupu

"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi hurusha ndege kwenye kompyuta pamoja na wenzangu wanne, na sasa natengeneza misheni ya Septemba 1943. Spitfire ya picha inaondoka Vaenga, karibu na Murmansk, inakwenda Kåfjord kaskazini mwa Norwe kuipiga picha manowari ya Kijerumani Tirpitz. Nimejaribu mara sita. Nafika, meli naiona kwa macho, nawasha kamera, lakini picha zikitoka ni mlima na maji tu, au meli imekuwa ndogo kama punje ya mchele na nyavu zake za kuzuia topido hazionekani. Mwenzangu mmoja anasema misheni yenyewe haina maana: Waingereza wangeweza kutuma ndege kutoka Skotlandi siku yoyote, na ukishapata picha moja nzuri kazi imekwisha. Nianzie wapi ili niipange kama walivyoipanga wao?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la jiometri, nalo lina dawa ya haraka. La pili ni la mpango wenyewe, na hapo mwenzako amekosea mara mbili. Nianze na la jiometri, maana ndilo linalokupotezea filamu.

Unasema meli unaiona, kisha unawasha kamera. Sasa jiulize: unaionaje? Rubani wa Spitfire haoni kilicho chini yake moja kwa moja. Mbele pua ndefu inamziba, na pembeni bawa limefunika. Ili aione meli iliyo karibu na wima wake hana budi kuilaza ndege kidogo. Nina hakika ndivyo unavyofanya: unalaza, unaiona, unabonyeza. Lakini kamera imefungwa kwenye mwili wa ndege ikitazama chini, na ndege ikilala, nayo inalala. Ukiwa futi 30,000, yaani mita 9,144, mlalo wa nyuzi 10 unaisogeza katikati ya picha mita 1,600 pembeni. Hata nyuzi 5 tu ni mita 800. Kamera ya F.52 yenye lenzi ya inchi 36 inaona kipande cha ardhi cha takriban mita 1,780 kwa 2,160 kutoka kimo hicho. Nusu ya upana wake ni kilomita moja tu. Mlalo wa nyuzi 10 umekwisha kuitoa meli nje ya fremu, na unachorudi nacho ni mlima wa jirani.

Marubani wa picha walilaza ndege mapema, kilomita kadhaa kabla ya kufika. Walichagua alama mbili zilizo kwenye mstari mmoja na meli, tuseme ncha ya rasi na mdomo wa kijito, wakaipanga ndege juu ya mstari huo, kisha wakanyoosha mabawa na kutulia. Kamera iliwashwa kabla ya meli na kuzimwa baada yake. Katikati ya mkondo huo rubani haioni shabaha kabisa, na hapaswi kuitafuta. Spitfire hizi zilikuwa na vioo vilivyovimba pande zote mbili za kifuniko cha rubani kumsaidia kuchungulia chini, lakini kazi yake ilikuwa kujipanga kabla ya mkondo. Kwenye mkondo wenyewe ni mkono mtulivu na saa.

Saa yenyewe hupigiwa hesabu hivi. Ndege ikienda kilomita 580 kwa saa, inapita mita 161 kila sekunde. Fremu ikiwa na urefu wa mita 1,780 ardhini, na ukitaka kila picha ifunike asilimia 60 ya ile iliyotangulia, lazima upige moja kila mita 710, yaani kila sekunde 4.4. Kufunikana huko si ubadhirifu. Bila picha mbili za sehemu ileile zilizopigwa kutoka pembe tofauti, msomaji wa picha hawezi kuweka stereoskopu, kifaa cha kuunganisha picha mbili machoni, na kuona kimo, na pasipo kimo hawezi kutenganisha mlingoti na kivuli chake. Ukanda wa kilomita 10 unakula sekunde 62 hivi na fremu 15. Sekunde 62 za kwenda moja kwa moja, bila kukwepa, huku mizinga ya kutungulia ndege ikikulenga. Spitfire hizo hazikuwa na bunduki hata moja. Nafasi ya risasi na bunduki ndani ya mabawa ilijazwa mafuta.

Kuhusu punje ya mchele, hiyo ni lenzi. Kanuni ni fupi: urefu wa lenzi gawanya kwa kimo. Lenzi ya inchi 36 ni futi 3, na kutoka futi 30,000 unapata kipimo cha 1:10,000. Tirpitz ilikuwa na urefu wa mita 251 hivi, kwa hiyo kwenye filamu inakuwa milimita 25, karibu upana wa kidole gumba. Ukiweka lenzi ya inchi 14 kwenye kamera ya F.24, kipimo kinashuka hadi karibu 1:26,000 na meli inabaki milimita 10. Milimita 10 zinatosha kusema "ni manowari kubwa". Hazitoshi kuhesabu maboya ya wavu. Nadhani misheni yako imewekewa F.24 na lenzi fupi. Ibadilishe. Ila ujue lenzi ndefu inabana eneo, kwa hiyo makosa ya mlalo na ya njia yanaadhibiwa zaidi. Ndiyo maana mara nyingi kamera zilifungwa mbili mbili, kila moja ikitazama nje kidogo upande wake, ili kupanua ukanda.

Usijaribu kuponya udogo wa picha kwa kushuka chini. Kupita karibu na maji na kupiga kwa kamera ya pembeni kulifanyika, hasa wingu likiwa zito, lakini Kåfjord ni fyodi, hori ya bahari iliyobanwa na milima, na kingo zake zilijaa mizinga. Huko chini una nafasi moja, na ukikosea upande au sekunde, hurudii.

Sasa tuje kwenye mpango. Mwenzako anasema ndege ingetoka Skotlandi siku yoyote. Kwa Bergen, magharibi mwa Norwe, ni kweli kabisa: kutoka Wick, kaskazini mwa Skotlandi, ni kilomita 520 hivi, na ndivyo rubani Michael Suckling alivyoikuta manowari Bismarck tarehe 21 Mei 1941. Trondheim ni kama kilomita 900 kutoka Wick, na Spitfire ilifika. Januari 1942 rubani Alfred Fane aliikuta Tirpitz huko, imesogezwa ubavuni mwa jabali kwenye Fættenfjord. Lakini Machi 1943 Wajerumani waliipeleka Altafjord, latitudo 70 Kaskazini, na Kåfjord ni mkono wa ndani wa hori hiyo. Kutoka kusini mwa Shetland, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Uingereza, ni karibu kilomita 1,600 kwenda tu. Spitfire PR IV, aina ya kupigia picha, ilibeba galoni 218 za Kiingereza, takriban lita 990, na kwa hesabu ya ukarimu inakwenda kilomita 3,200. Piga hesabu mwenyewe: inafika, inageuka, inarudi, na inamaliza tone la mwisho ikiwa bado inatafuta uwanja. Hapo hujaweka upepo wa mbele, hujaweka kupanda hadi futi 30,000, wala dakika 10 za kuzunguka ukisubiri wingu lipasuke.

Mosquito ilikuwa na masafa marefu zaidi na mtu wa pili wa kushika ramani, nayo ni chaguo la kweli kama misheni yako ingekuwa ya kiangazi cha 1944. Boti-ruka la Catalina lingekaa angani saa nyingi kuliko zote, lakini lilienda taratibu mno kuingizwa kwenye hori yenye mizinga. Mahali pake ni bahari wazi. Kwa Septemba 1943 jibu lilikuwa kuwaomba Warusi uwanja. Kutoka Vaenga hadi Kåfjord ni kilomita 415 hivi, dakika 45 za safari. Hapo mafuta si tatizo tena, yamekuwa akiba ya kusubiri. Kikosi kidogo cha Spitfire za 543 Squadron ya Jeshi la Anga la Uingereza kikapelekwa. Na kwenye misheni yako usisahau kilichoandamana nacho: mafundi, filamu, kemikali, karatasi za kuchapia, na chumba cha giza chenye maji ya uvuguvugu. Wapangaji wengi wa michezo huweka ndege na rubani, basi. Filamu isiyosafishwa ni utepe wa plastiki tu.

Kosa la pili la mwenzako ni lile la picha moja nzuri. Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie.

Mpango wa upelelezi huanzia mwisho. Kabla ya kugusa ramani, andika: nani anaisubiri habari hii, anataka kujua nini hasa, na ikifika saa ngapi itakuwa imechelewa? Septemba 1943 waliokuwa wakisubiri ni mabaharia wa nyambizi ndogo sita zilizovutwa na nyambizi kubwa kutoka Skotlandi tarehe 11 na 12. Shambulio lilipangwa kwa tarehe 22. Walitaka mambo matatu: kila meli imefunga nanga wapi, nyavu za kuzuia topido zimepangwaje, na mlango wa nyavu uko upande gani. Wakati Spitfire zinapiga picha, wao wako tayari baharini. Hakuna awezaye kuwapelekea picha mkononi. Picha zilisafirishwa Uingereza kwa ndege, lakini kilichowafikia wale wa baharini ni maneno machache kwa redio. Kwa hiyo filamu lazima isomwe na mtu anayejua kugeuza vidoa vya maboya kuwa mwelekeo na umbali. Kwenye misheni yako, pointi zisitolewe kwa picha. Zitolewe kwa ujumbe sahihi uliofika kabla ya saa fulani.

Na ujumbe huchakaa. Tarehe 6 Septemba Tirpitz na manowari mwenzake Scharnhorst ziliondoka Altafjord kwenda kukishambulia kisiwa cha Spitsbergen, zikarudi siku chache baadaye. Rubani aliyepita siku hizo angekuta maboya yanaelea bila meli ndani yake. Kisha siku ya shambulio lenyewe Scharnhorst haikuwapo, ilikuwa imetoka kwa mazoezi ya mizinga, na nyambizi iliyopangiwa kuishambulia haikuwa na shabaha. Picha ya juzi haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya juzi. Ndiyo maana mpango hudai mkondo wa kwanza kujua hali, wa pili kuona kilichobadilika, na wa mwisho karibu kabisa na saa ya shambulio, kisha mmoja baada yake. Panga angalau safari nne ili upate mbili zenye manufaa, kwa kuwa wingu litakula zilizobaki.

Kuna jambo picha haikuweza kusema hata ikiwa safi kiasi gani. Maboya yalionyesha wavu umepita wapi juu ya maji. Chini ya maji kamera ni kipofu. Ilikisiwa kuwa nyavu zinaishia kama mita 15 kwenda chini, na nyambizi zingepita chini yake. Zilikutwa zimeshuka mbali kuliko hapo, na X7, mojawapo ya nyambizi hizo ndogo, ilinaswa ndani yake kabla ya kupenya. Mabomu yaliwekwa hata hivyo, na Tirpitz haikuwa tayari tena hadi majira ya machipuko ya 1944. Kwa hiyo ukiandika ripoti ya misheni, tenganisha mstari wa "kilichoonekana" na mstari wa "kinachodhaniwa". Wasomaji wa picha wa Medmenham, kituo cha Waingereza cha kusoma picha za anga, walikuwa wakali kwa hilo, na walikuwa na haki.

Hali kadhalika, "sijaiona" si sawa na "haipo". Julai 1942 Tirpitz iliondoka Trondheim, na wakuu wa jeshi la majini la London wakabaki bila habari ya uhakika iko wapi. Jioni ya tarehe 4 Admirali Dudley Pound aliamuru PQ17, msafara wa meli za mizigo uliokuwa ukienda Urusi, utawanyike, akihofu manowari inakaribia. Ilikuwa Altafjord, bado haijatoka. Meli 24 za mizigo zilizamishwa na ndege na nyambizi za Kijerumani, nyingi zikiwa zimetawanyika bila ulinzi. Rubani akirudi na filamu ya mawingu, ripoti yake iseme mawingu yalifunika sehemu zipi za hori, si kwamba hori ni tupu.

Sasa mwanga, ambao naona misheni yako imeupuuza kabisa. Kåfjord, tarehe 10 Septemba, jua la adhuhuri linafika nyuzi 25 tu juu ya upeo. Tarehe 22 ni nyuzi 20. Ukikubali kwamba chini ya nyuzi 15 vivuli vinaharibu kazi, basi tarehe 10 una karibu saa 8 za kupiga picha, na tarehe 22 umebakiwa na saa 5 na nusu. Siku 12 zimekula zaidi ya saa 2. Mlima wa mita 600 jua likiwa nyuzi 15 unatupa kivuli cha kilomita 2.2, na manowari iliyofungwa upande wa kivuli hutoka nyeusi juu ya nyeusi. Adhuhuri ya jua huko katikati ya Septemba ni karibu saa 10:25 kwa saa za GMT. Panga kila kitu kwa GMT. Hesabu yetu ya saa kuanzia macheo haitakufaa mahali ambapo macheo yenyewe yanahama kila siku, na mwishoni mwa Novemba hayaji kabisa hadi Januari.

Njia ya kwenda pia ina mtego. Dira ya sumaku kwenye latitudo hizo ni nzito na inayumba kila ukigeuka, na jairo, kifaa cha mwelekeo chenye gurudumu linalozunguka kwa kasi, inateleza. Irekebishe jairo kwa dira kila dakika 10 hadi 15, ndege ikiwa imenyooka na mwendo haubadiliki. Kosa la nyuzi moja kwa kilomita 415 ni kilomita 7, na ukanda wa picha yako ni kilomita 2. Kwa hiyo usitegemee dira kukufikisha juu ya meli. Itegemee ikufikishe Altafjord, kisha tumia umbo la pwani.

Juu huko ni nyuzi 50 chini ya sifuri. Hewa ya moto kutoka kwenye injini ilielekezwa kwenye kamera ili lenzi isishike barafu na mafuta ya mitambo yasigande. Ukiweka hitilafu kwenye misheni, weka hiyo: kamera inalia kama kawaida, filamu inazunguka, na picha zote ni ukungu. Rubani hajui mpaka atue. Kitu kingine ni mkia wa mvuke. Tazama kwenye kioo cha nyuma. Ukiona mstari mweupe, shuka au panda futi 1,000 au 2,000 mpaka ukatike, la sivyo umewaandikia anwani yako angani. Na usizunguke juu ya hori kabla ya kupiga. Kulikuwa na mitambo ya kutoa moshi kuzunguka Kåfjord, na tarehe 15 Septemba 1944, ndege za mabomu za Lancaster zilipofika kutoka uwanja wa Yagodnik huko Urusi, pazia la moshi lilikuwa tayari linatandwa. Pita mara moja, kisha ondoka.

Usisahau chanzo kisichoruka. Kabla ya ndege za Waingereza kuishambulia Tirpitz Aprili 1944, Mnorwe Torstein Raaby alikuwa Alta na redio ya siri, akituma habari za meli na hali ya hewa. Huyuhuyu ndiye baadaye alikuwa fundi redio kwenye chelezo cha Kon-Tiki mwaka 1947. Mtu mmoja dirishani huona mchana kutwa. Ndege huona kwa dakika moja. Lakini yule wa dirishani hawezi kukupa nafasi ya boya kwa usahihi wa mita 20. Vyote viwili vinahitajika, na hata sisi tuna mfano wetu: mwaka 1914 na 1915 kruza Königsberg, meli ya vita ya Kijerumani, ilijibanza kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, na ndege zilizotokea Mafia ndizo zilizoelekeza mizinga iliyoimaliza Julai 1915.

Ikiwa unataka kwenda mbele ya mchezo, kusoma picha halisi za jozi kwa kimo hakujifunzwi kwa maandishi. Nenda kwenye idara ya upimaji wa ardhi ya chuo kilicho karibu, mfano Chuo Kikuu Ardhi kama uko Dar es Salaam, uombe mtu akuketishe mbele ya stereoskopu kwa saa moja. Watu wengine macho yao hayaunganishi picha mbili, na ni bora ulijue mapema. Picha zenyewe za upelelezi wa vita zimehifadhiwa kwa wingi Edinburgh, kwenye hazina ya taifa ya picha za anga, na daftari za shughuli za vikosi ziko Kew, London, kwenye mfululizo wa AIR 27. Kabla ya kulipia nakala, waandikie watunzaji ukiwa na tarehe na namba ya kikosi.

Kwa sasa jaribu hivi: tarehe 14 Septemba, juu ya shabaha saa 10:30 GMT, futi 30,000, kamera mbili za F.52 zenye lenzi ya inchi 36, fremu moja kila sekunde 4.4. Jipange kilomita 8 kabla, nyoosha mabawa, usichungulie. Mmoja wa wale wenzako wanne asiruke. Akae mezani na picha zikitoka, awe na dakika 30 za kuandika ujumbe usiozidi maneno 40: meli ipi, wapi, mlango wa wavu upande gani, na sehemu zipi za hori hakuziona.